Joto Lisilogusa

Saa tisa usiku, Seeb, mwezi wa saba.
Kipimajoto cha mlangoni: thelathini na nane,
na hewa imelowa kama kanga iliyosahauliwa kwenye beseni.
Mama hajalala. Anakinga maji ya kiyoyozi kwa ndoo
aumwagilie mrihani wake kabla jua halijauona.

Natoka kazini macho mekundu.
"Kulikoni huko juu?" ananiuliza,
kama mtu anayeulizia msiba wa jirani.

Jua limechafuka, Mama.
Limetoka madoa, na jana mchana moja limepasuka.
Mwale usioonekana ukafika kwa dakika nane
ukaichoma hewa ya juu kabisa,
kule ndege hazifiki na vimondo havijaanza kuwaka.
Kutoka nyuzi mia saba ikapanda hadi elfu na mia mbili,
ikavimba kama andazi kwenye mafuta,
ikaikuta setilaiti yetu ndogo inajipitia zake,
ikaishika miguu.
Imeshuka mita mia tatu tangu magharibi.

"Nyuzi elfu! Basi imeshakuwa majivu."

Hata. Ungenyoosha mkono huko, ungeona baridi.

Anaitua ndoo.
Ananitazama vile alivyonitazama
siku niliyomkataa mtoto wa Zahran.

Joto ni mbio, Mama. Kila chembe inakimbia kichaa,
lakini zenyewe ni chache,
moja hapa, nyingine huko,
inakwenda masafa bila kumgonga mwenzake.
Zinaungua. Hazigusani.

Ndoo inapokea tone. Tena tone.
Mama anageukia seble,
makochi aliyoyanunua kwa watu kumi na mmoja,
mawili bado yamo ndani ya nailoni.

"Hewa hiyo naijua," anasema.
Halafu: "Hebu mpigie Thuraya."
Doha saa nane usiku, Mama. Kalala.
"Mundhir, basi."
Mundhir yuko kazini, Toronto, hapokei.

Anainama, anang'oa jani moja la mrihani lililokauka,
analizungusha vidoleni.
"Na hicho chombo chenu, kitaanguka?"
Tutakiinua. Kina mafuta.
"Mengi?"
Kidogo. Yatatosha mpaka jua litulie.

Anapachika kiganja chake kwenye paji langu,
kimelowa maji ya kiyoyozi.
"Una homa."
Sina, Mama.
"Una joto," anasema,
na mkono hauondoi.