Shazia

Miaka kumi na tisa nimefunga vinywa vya magunia
pale Isyonje, barabara inapopinda na ukungu kuingia
bila kubisha hodi.
Viazi vya Kikondo, viazi vya Igoma:
nimevishindilia hadi gunia likavaa kilemba cha lumbesa,
nikachoma shazia, nikavuta katani, nikakaza kwa goti.
Kilichoingia, nilijisifu, hakitoki mpaka sokoni.

Nikasahau kuwa na mimi ni gunia.

Ilianza damu kidogo, kama ya kujikata na wembe.
Nikanyamaza. Nani husimulia choo chake?
Mwezi wa sita, baridi ikitafuna vidole,
tumbo likafunga kabisa, gumu, limejaa,
lumbesa ambayo hakuna mnunuzi.

Mbeya, wodini, daktari alichora nyuma ya kadi yangu:
"Hapa pana uvimbe. Dawa zitapigana nao baadaye.
Kwanza tukufungulie njia."
Nikapitisha kidole toka kifuani hadi kinenani,
kama mchinja mbuzi:
"Utanipasua hivi?"
"Matundu matatu tu," akasema. "Moja la jicho, mawili ya mikono.
Kila moja halizidi kifungo cha shati lako."
Nikatazama shati. Lilikuwa na vifungo viwili, vingine pini.

Sista Ambwene akaja na kalamu ya wino mzito.
"Simama. Kaa. Inama kama unaokota kiazi.
Mkanda wa suruali unapita wapi?
Gunia unabeba bega lipi?"
Tangu nizaliwe sijaulizwa hivyo kuhusu mwili wangu.
Akatia alama kushoto, chini ya kitovu.
Kwetu jina lake ni kusema: ameniona.

Yaliyofuata nimesimuliwa.
Walinijaza hewa, tumbo likainuka kama hema la harusi,
taa ikaingia kitovuni ikitembea polepole.
Ini langu, daktari aliniambia, linang'aa
kama jiwe la Mto Kiwira.
Nikaona fahari ya kijinga, kama nimesifiwa ng'ombe.
Wakashika kitanzi cha utumbo, wakakivuta taratibu
mpaka kwenye ile alama ya wino, wakakishonea ngozini
kwa uzi ambao mimi nisingeuona hata mchana.

Nilipozinduka bega liliniuma.
Bega! Na sikuwa nimebeba kitu.
"Ni ile hewa," Ambwene akasema, "inatafuta pa kutokea."

Siku mbili sikufunua shuka.
Tusekile ndiye aliyetazama kwanza.
Nilimsubiri akunje uso.
Akainama karibu, akasema:
"Pekundu. Pana unyevu, kama ndani ya shavu la mtoto."
Kisha: "Karibu, mgeni."

Basi jina likabaki. Mgeni siku mbili;
ya tatu tukampa jembe, akafanya kazi.
Mfuko ukapata joto ubavuni mwangu,
nikalia, si kwa aibu.

Mimi, fundi wa magunia, nikaanza kujifunza upya:
mfuko huu haushonwi, unabandikwa.
Kata tundu lilingane naye, kausha ngozi, bana, hesabu mpaka thelathini.
Ikisalia miwili kabatini tunaanza kupiga simu mjini.
Ikiisha, Tusekile hutafuta njia,
na njia nyingine siwezi kuziandika hapa.

Jumapili moja, mchungaji akiwa katikati ya sala ndefu,
Mgeni alisema neno lake, kubwa, lisilo na haya.
Tusekile akakohoa. Akakohoa tena, zaidi ya kifua kikuu.
Mama Asagwile wa benchi la mbele akageuka, akampa pipi ya tangawizi.
Tulicheka njia nzima, mpaka nikashika ubavu kwa mkono
nisije nikamwamsha tena.

Sasa nashona nikiwa nimekaa. Vijana wananyanyua.
Sijui dawa zitashinda ama hazitashinda; tarehe iko kwenye kadi.
Ila nikifika pindo la mwisho, mkono wenyewe
huacha katani ilegee kidogo, mwanya wa vidole viwili.
Mnunuzi hulalamika kila Alhamisi.
Mwache alalamike.
Viazi navyo vinapumua.