Noti ya Trafiki

Saa kumi alfajiri, Makambako, baridi ya kukata masikio.
Baba akawasha Noa, akaiacha ingurume ipate joto,
akahesabu: sisi wanne, viazi magunia mawili,
dumu la maji, na noti moja ya elfu kumi
aliyoikunja mara nne akaichomeka juu, kwenye kikinga jua.
"Hii ni ya trafiki," akasema. "Isiguswe."

Hakusema tunakwenda kumchukua Aidani.
Alisema tunapeleka viazi kwa shangazi.
Lakini nyuma palikuwa na kiti cha mtu wa tano,
na Mama alikuwa amekikung'uta vumbi mara mbili.

Mafinga tuliipita ndani ya ukungu, sikuiona.
Ipogolo, chai ya chupa, tukapokezana kifuniko.
Kitonga tukateremka nyuma ya lori la mbao
linalonuka breki, masikio yakaziba,
Mama akavua sweta la kwanza.
Ruaha Mbuyuni vitunguu vikaja madirishani,
Bosko akaomba juisi, akaomba tena.
Baba akatazama noti, akatazama barabara.
"Nimesema ni ya trafiki."

Mikumi, mwendo wa hamsini,
twiga anavuka taratibu kama mtu anayejua bei ya faini.
Redio ikaipoteza stesheni ya kwetu, ikakwaruza, ikashika nyingine:
gitaa, na chini yake besi
inatembea kama mtu aliye chumba cha pili.
Baba akaizima.
Kilomita sita hakuna aliyekohoa.
Vidole vyake tu, vinne, juu ya usukani.
Sikuvijali wakati ule.

Trafiki walitusimamisha mara tatu.
Leseni, mtungi wa moto, pembetatu. Safari njema, mzee.
Baba akarudisha gia kama mtu
aliyekesha kwa mtihani ulioahirishwa.

Chalinze, sweta la pili. Kibaha, viatu.
Kimara foleni haisogei, jasho, usiku umeshaingia,
viazi vimeanza kunukia udongo wa nyumbani.
"Utamwambia nini?" Mama akauliza.
Baba akapiga honi. Mbele yetu kila mtu alikuwa amesimama.

Mwananyamala, nyuma ya gereji,
uani kwenye viti vya plastiki na taa za kijani,
bendi ya watu tisa, na wa mwisho, karibu na tumba, ni yeye.
Amekonda. Shati limenyooka.
"Nani anampigia pasi?" Mama akaninong'oneza,
na hilo ndilo lililomliza.

Wimbo ulipochanganya, watu wote wakainuka,
mpishi akatoka na mwiko wake.
Baba akasimama, funguo mkononi, akatoka nje kuelekea gari.
Mama akakusanya mkoba. Bosko akameza soda yote kwa mkupuo.

Akarudi.
Akapita katikati ya wachezaji na ndala zake za safari,
akikunjua kitu: mara ya kwanza, ya pili,
ya tatu, ya nne,
akambandika Aidani katikati ya paji la uso.
Jasho likaishika.
Aidani hakuacha kupiga. Alikosa noti moja,
moja tu, na mpiga ngoma akamwangalia.

Baba akaja akaketi, akavuta chupa ya maji ya Bosko.
"Waya wa tatu umelegea," akasema, si kwetu.
Mama akamgeukia taratibu,
miaka ishirini na sita ya ndoa yote usoni.
"Umejuaje?"
Vidole vinne vilikuwa tayari mezani, vinatembea.

Jumapili tuliondoka na nazi kwenye kile kiti cha tano.
Mlandizi askari akainua mkono, akaonyesha taa ya nyuma.
Baba akapeleka mkono juu, kwenye kikinga jua,
akapapasa, akapapasa,
akaanza kucheka peke yake, askari akimsubiri.