Pini ya Ishirini

Jumatatu ilianza kugonga.
Tik, kimya. Tik, tik, kimya.
Kama mtu aliyesahau alichokuja kuulizia
na bado amesimama mlangoni.

Mashine ya kutarizi ikaganda katikati ya jani,
sindano kumi na mbili hewani,
na kola ya komunio ya mtoto wa kina Wrzosek
ina jani moja na nusu.

Kompyuta hii niliinunua mwaka elfu mbili na mbili.
Ilikuwa na rangi ya maziwa, sasa ni ya chai ya maziwa.
Binti yangu Dobrosława hunipigia kutoka Bremen:
Mama, nunua mpya, mambo yaishe.
Mpya haina tundu la kuzungumza na mashine yangu.
Mpya haimjui Gracjan,
aliyechora maua yote yale kwa kipanya,
miwani puani, ncha ya ulimi nje,
akayahifadhi humo,
akafa Machi iliyopita.

Basi Jumapili nikashuka sokoni, hapa Łódź,
mji ambao jina lake maana yake mashua
na mto wake umefukiwa chini ya lami.
Theluji chafu. Meza za chuma.
Mfukoni karatasi, mwandiko wangu:
inchi tatu na nusu. Waya bapa, si ule mwembamba.
Isizidi gigabaiti mia moja ishirini na nane,
maana ubongo wa zamani haujui kuhesabu zaidi ya hapo.

Kijana wa meza ya kwanza akanipa ya terabaiti mbili.
Nyepesi, inameta, bei ya kutupa.
Nikaigeuza: mdomo mwingine kabisa.
Kuna kiunganishi, mama, unachomeka tu.
Nimeshona miaka arobaini,
najua kiraka kinavyovuta kitambaa.

Bwana Ziemowit huvaa glavu zisizo na vidole.
Ana sanduku la viatu limejaa diski,
kila moja ndani ya soksi.
Hakuniuliza nataka kubwa kiasi gani.
Aliuliza: ile yako, kile kikofia cheupe nyuma
kimevalishwa wapi, kwa bwana au kwa mtumwa?
Nikasema sijui.
Kwetu hapakuwa na bwana, tulikuwa wawili.

Akavua soksi moja, ya kijivu, yenye kitobo kisiginoni.
Themanini, akasema, imefanya kazi benki,
haikuwahi kuanguka. Nikamwambia
hata mchumba wangu alisifiwa hivyo.
Akanipa kioo cha kukuzia.
Pini arobaini. Hesabu mwenyewe.

Nikahesabu kwa ncha ya sindano
(sikosi sindano kwenye ukosi wa koti).
Thelathini na tisa.
Nikarudia. Thelathini na tisa.
Safu moja, katikati, jino limeruka.
Mbovu hii, nikasema, nikiirudisha kwenye soksi yake.

Akacheka moshi mweupe. Ndivyo ilivyozaliwa.
Pini ya ishirini haipo,
na kwenye waya wako, ukatazame,
tundu la ishirini limezibwa.
Ukiipachika kichwa chini miguu juu, haiingii.
Pengo ndilo linalojua upande.

Jino la pembe si dawa ya pengo. Haya.
Lakini mle sandukuni hakuna aliyekuwa akitafuta dawa.
Nilimlipa kwa noti na sarafu,
nikarudi na tramu, soksi mapajani.

Usiku nikazilaza mbili ubavu kwa ubavu,
ile ya zamani nikaipepea kwa feni ya mezani
kama mgonjwa wa homa.
Tik, ikasoma kidogo. Tik.
Maua yakahama moja moja:
kengele za Mei, poppi, majani ya mwaloni,
kisha faili zake za majaribio, ambazo sikuwahi kuziona.

La sita limepita. La nane limepita.
La saba halikusomeka, nimejaribu mpaka alfajiri.
Sikubadili namba.