Karatasi za Somoe

Ziko bado. Alizibandika kwa gundi ya unga wa ngano
aliyoipika Mama kwenye sufuria ya uji,
na gundi ya Mama haibanduki,
inang'oka pamoja na chokaa.

Maneno mia tano, miezi minne, mtihani wa wauguzi
na ada iliyokula bangili mbili.
Mwalimu alisema kariri. Somoe akakariri,
akalala nayo, akaamka hayapo.
"Ni kama maji ya mfereji hapa Kibokoni," akasema.
"Nikileta ndoo, yameshakatika."

Ndipo usiku mmoja wa joto, umeme umepotea,
akamulika kwa simu neno refu, gregarious,
akacheka peke yake gizani.
"Wewe, amka. Humu ndani mna gari."
Nikatazama. Kweli, herufi nne zimeegeshwa katikati.
"La harusi," akasema. "Shangazi kumi na wawili,
mmoja kapakata sinia la pilau,
wote wanasema kwa pamoja.
Basi ndiyo maana yake: mtu wa watu."

Hatukulala.
Mitigate: miti, geti. Ile miarobaini miwili kwa Bwana Nagib,
jua la saa saba likifika pale limeshapunguzwa makali.
Tenacious: tena. Na tena. Na tena,
kama mbuzi wa Bi Shumi na mlango wetu wa jikoni.
Loquacious: Lo! Kwisha?
swali ambalo Bi Shumi mwenyewe hajawahi kuulizwa,
maana haachi mwanya.
Taciturn alilibandika juu ya jiko:
tasi, mdomo mdogo kama tundu la sindano,
umgeuze mafutani mara ngapi, hasemi.

Mama, asiyejua Kiingereza zaidi ya plizi,
akaanza kuyatumia kinyumenyume.
"Baba yenu leo ni tasi," akisema,
sote twajua tule kimya.

Ephemeral lilimsumbua wiki nzima.
Akaandika, akafuta.
Ijumaa, Mama akitupa kikuba cha jana,
asumini imegeuka rangi ya chai,
Somoe akasimama na kijiko mkononi:
"Ife mara!"
"Ife nini, mwanangu?"
"Asumini. Imechanua jioni, asubuhi haipo. Ife mara."
Mama akakitazama kikuba kwenye ndoo ya taka.
"Na Waingereza wana neno la hilo?"
"Wanalo."
"Basi si watu wabaya sana."

Neno moja tu lilibaki bila msaada: yearn.
Fupi, kama kwikwi.
"Hili halina mlango," akasema,
akaikunja karatasi mara nne
akaitia chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Alifaulu. Sasa hupiga simu Jumapili,
nyuma yake kengele za wodi.
Kazi? Nzuri. Baridi? Ipo. Unakula? Ninakula.
Mama huziba simu kwa kiganja, ananong'ona:
"Tasi mtupu."

Jana nilimuuliza tu kama huko anapata mbaazi za nazi.
Akanyamaza.
"Yaani," akasema.
Nikangoja.
"Yaani, we acha. Yaani..."
na laini ikabaki wazi, inapumua.

Nikaingia chini ya meza.
Karatasi imekauka, mende wameila pembeni,
lakini neno lasomeka.
Chini yake nimeandika kwa kalamu herufi tano,
yaani,
nikaibandika mlangoni, kwa unga uleule.

Meza inayumba tena.
Asubuhi, mahamri yakishaletwa,
Mama hushika bilauri yake kwa mikono miwili
wala haulizi nani kaondoa nini.