Tiki ya Buluu

Wanataka jina la kwenye kitambulisho.
Kitambulisho kinasema Mwasi:
karani wa Igoma ng' ilimkwama kooni,
akaandika alivyoweza.
Mimi ni Ng'wasi, wa sangara wa moshi, Mwaloni.

Nikapiga picha, kadi nimeibana kidevuni,
magamba kwenye nyusi.
Jibu: uso hauonekani vizuri.
Nikanawa.
Jibu: majina hayafanani.

Na yupo mwingine humo, kavaa sura yangu,
anakula advansi za watu wa Geita;
yeye tiki anayo,
inang'aa kama jicho la furu aliyevuliwa sasa hivi.

Leo mama mmoja kashuka kivuko cha Kamanga,
hakuniuliza kitu.
Kanishika mikono, kainusa.
"Ndiye,"
akasema,
akaanza kufungua fundo la kitenge.