Shimo Halibomoki

Saa nane za usiku, Nyendo, Masaka.
Umeme umerudi, nami nimerudi kwenye jedwali.
Manjaniki: uharibifu mia nne na themanini.
Ukuta wa mawe: uhai elfu moja na mia nne.
Mawe matatu, ngome chini.

"Ndivyo wanavyotaka," anasema Lubwama,
mguu juu ya stuli, karanga shavuni.
"Nani ana mwaka mzima wa kuzingira mji?
Mtoto amelipia nusu saa."

Ana haki. Kazi yangu ni mizani,
na silaha ni kama silabi:
ikizidi moja, mstari mzima unachechemea.
Nikipunguza jiwe, wapanda farasi wanatamba.
Nikiongeza ukuta, hakuna anayetoka nje;
watu hulima mtama ndani hadi duka lifungwe.

Lakini nimesoma, na najua
kilichowamaliza waliozingirwa na waliozingira:
kuhara.
Mzoga ndani ya kisima.
Mvua iliyolegeza kamba.
Seremala aliyekufa na hesabu zote kichwani.
Jedwali langu halina safu ya kuhara.

Jumamosi nikaazima tepu ya Nakimbugwe, fundi cherehani wa chini,
nikaenda Ntusi, na kutoka Ntusi, kwa bodaboda,
hadi Bigo, kwenye mahandaki ya kale.
Sikukuta mnara. Sikukuta lango.
Nyasi tu, na ardhi iliyokatwa
hadi kwenye mwamba.
Waliochimba hawakuacha jedwali.

Nikapima. Tepu ikaisha, nikaanza tena, ikaisha.
Ndipo ndama wa Rwabutogo akateleza.

Wanaume sita. Kamba ya nailoni, kisha mbili.
Mama yake ukingoni, pembe kama mwezi ulioinuliwa,
akilia kwa sauti iliyotutia haraka na kutukosesha akili.
Tulianza adhuhuri;
tulimtoa mbu walipokwisha kufika.
Bega la mmoja liliteguka, kiatu changu kimebaki huko,
na juu yetu, mchana kutwa,
hakuwapo hata mtu mmoja wa kuturushia mkuki.

Usiku huo niliandika ngome mpya.
Ukuta: hakuna.
Handaki: moja, refu, linazunguka.
Uharibifu wa manjaniki kwa handaki: sifuri.
Utabomoaje kitu ambacho tayari hakipo?

Lubwama aliita huo uchawi wa wivu.
Tukamwita Kaweesi, miaka kumi na mmoja, bado na sare ya shule,
tukamkalisha mbele ya kioo.
Akajenga manjaniki saba. Akarusha.
Mawe yakadumbukia, du, du,
handaki likakaa vilevile, midomo wazi.
"Limeharibika hili," akasema.
"Shimo halibomoki," nikamjibu,
nikijisikia mtu mzima kupita kiasi.

Akanyamaza. Akanywa soda.
Kisha akazielekeza zote saba mahali pamoja,
akarusha, akarusha, akarusha,
jiwe juu ya jiwe, bila pupa,
kama mtu anayejaza debe.
Dakika ya ishirini na tisa
askari wake wakavuka kwa miguu
juu ya mawe yake mwenyewe.

Sikuwa nimeandika hilo.
Nilisahau tu kufuta mawe yaliyoanguka.

"Ni kosa," Lubwama akasema. "Lirekebishe."
Nikafungua safu mpya, kidole juu ya kitufe.
Niliwaza watu wenye vikapu vya udongo,
wakijaza usiku kilichochimbwa mwaka mzima,
na hakuna kati yao aliyeuliza
kama mchezo una usawa.

Sikurekebisha. Nusu saa ilitosha, kasoro dakika moja.

Sasa Nakimbugwe hanisalimu.
Tepu yake ina udongo mwekundu
tangu sentimita ya kwanza hadi ya mwisho,
na gomesi ya mteja, ya harusi,
imetoka na doa kiunoni.