Lori la Kumi na Tisa

Kwetu neno ni moja:
ukungu uliolala juu ya mashamba ya Ridgetown
alfajiri hii ya Oktoba, hata taa za malori
zikafifia kama macho ya mgonjwa;
na ukungu unaoanzia nchani mwa gunzi,
mweupe kwanza, kisha wa waridi,
ukishuka punje kwa punje kama deni.
Wenzangu wa maabara wana maneno mawili.
Mimi nimebaki na hili moja, linanitosha.

Mvua ilinyesha Julai nzima, mahindi yakiwa yametoa ndevu.
Tangu hapo kila mtu wilaya hii anajua,
ila hakuna anayetaka kusikia tarakimu.

Foleni imefika njia ya reli.
La kumi na tisa ni lori la Gerrit Vandersluis.
Nachoma shehena mara saba kwa bomba refu la shaba,
nasaga, nachuja, natumbukiza ukanda wa karatasi,
nangoja zile dakika chache
ambazo wakulima hutazama viatu vyao.

Nane nukta tatu.
Mwisho wetu ni tano.

"Yaangalie," anasema, kiganja kimejaa. "Yana kasoro gani?"
Kweli hayana. Ya njano, mazito,
yanateleza vidoleni kama shanga.
Sumu hii haina adabu ya kubisha hodi.
"Pima tena."
Nina haki ya kukataa. Napima tena,
maana punje chache mbovu huweza kujibanza pembeni
bomba likazikuta, au likazikosa.

Saba nukta tisa.

Hagombi. Anauliza tu,
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya jeneza,
kama nguruwe hawawezi kuyala.
Nguruwe wa hapa ana kikomo chake, kimeandikwa:
sehemu moja kwa milioni.
Ukimzidishia anageuza pua,
anaacha hori limejaa, ananenepa mwenzake wa jirani.

Ndipo Kavata akanijia.

Mke wa kaka yangu, kule Mbooni, mwaka wa njaa.
Mahindi waliyavuna mabichi kuwahi wezi,
wakayalaza sakafuni, chumba kile kile walicholala.
Aliyaosha. Akayaanika. Akayakoboa mpaka yakang'aa,
akayachemsha hadi kuni zikamwishia.
Sumukuvu haijui kuogopa moto.
Watoto walikula kwanza, kwa sababu alikuwa mama mwema.
Macho yao yakawa ya njano,
njano hii hii iliyo kiganjani mwa Gerrit.

Hakuna aliyemwandikia Kavata kikomo.

Si kuvu ile, najua.
Ile ni ya joto, hii ni ya baridi na mvua;
nimesomea tofauti, cheti kiko ukutani.
Lakini mkono unaoandika saba nukta tisa
haukwenda shule hiyo.

Napiga muhuri. Gerrit anaikunja karatasi mara nne,
anaiweka mfuko wa shati, pamoja na miwani.
"Baba angesema umekosea."
Anapanda ngazi ya lori, anasimama nusu njia.
"Ila mwaka wa sabini na mbili nguruwe wake waligoma kula.
Akawachapa. Alidhani ni ukaidi."
Hakucheka. Akageuza lori,
ukungu ukamfunga nyuma yake.

La ishirini.

Jioni nafungua mfuko wa unga niliounua Windsor.
Nanusa, na sijui nanusa nini.
Mfuko umechorwa gunzi linalotabasamu;
nimeusoma pande zote, hadi chini,
uzito upo, bei ipo.
Maji yanachemka. Mutheu anauliza toka chumbani
kama ugali bado.
"Bado," namjibu, mwiko mkononi,
nikimwomba mtu nisiyemjua,
kwenye ghala nisilolijua,
awe amepima mara mbili.